Umefukuzwa jeshi la Marekani kwa kesi ya bangi? Rufaa inavyokatwa, bila kujichoma mwenyewe

Wakuu, hii naiandika kwa vijana wetu wa huku Marekani, Watanzania, Wakenya, Wakongo na wengineo walioingia jeshini na grinikadi mfukoni, na wengine bila grinikadi kupitia MAVNI, ule mpango wa 2009 wa kuajiri wageni wenye ujuzi wa lugha ambao Kiswahili kilikuwemo kwenye lugha zinazotafutwa, halafu siku ya siku mkojo ukasoma positivu na kibarua kikaota nyasi. Mi gwanda nimelivaa miaka sita na nimetoka salama, ila mdogo wangu, mtoto wa mamdogo, alifukuzwa, na rufaa yake tumeisukuma wawili kwenye meza ya jikoni kwangu karibu miaka miwili, kwa hiyo ninachosema hapa nimekiona. Siyo wakili mimi. Kuna sehemu moja utamhitaji wakili kweli kweli, nikifika hapo nitakwambia.

Kitu cha kwanza ukijue mapema: bodi inayoamua rufaa inasoma karatasi, machozi haiyasomi. Dogo alituma maombi yake ya kwanza wiki ya tatu tu tangu arudishwe uraiani, usiku, ana hasira, peke yake, barua kurasa mbili na kurasa moja na nusu ni ya kumsema sajenti wake. Jibu likarudi hapana. Faili lake hata hakuwa amelisoma, na dawa yake ilikuwa humo humo ndani.

Anza na DD-214

DD-214 ndo cheti chako cha kutoka jeshini. Tafuta kopi ndefu, ile imeandikwa Member-4 pale chini, maana ile fupi ya Member-1 wameiondoa sehemu yote inayoeleza ulitokaje. Ikunjue, tazama kisanduku cha 23 mpaka 28. Ya dogo alikuwa ameikunja mara nne kwenye waleti, mkunjo umepita katikati kabisa ya kisanduku cha 24, herufi zimeanza kufutika, nikamwambia hii kwanza tuiskani kabla hatujaongea lolote.

Cha 24 ndo kinasema umetoka kwa hali gani. Honorable ni heshima kamili. General, Under Honorable Conditions, watu huita Jenero tu, hapo VA, idara ya maveterani, unapata karibu kila kitu, hospitali, fidia ya ulemavu, ila hela ya shule ya Post-9/11 GI Bill huipati, na hicho ndo kinachouma wengi. Ya tatu ni Other Than Honorable, OTH, hapo milango mingi inafungwa. Ukiona Bad Conduct au Dishonorable maana yake ulipita mahakama ya kijeshi, njia yake ni nyingine na ni nyembamba, humu siigusi.

Cha 25 kinataja kifungu. Kwa Army utakuta AR 635-200, aya 14-12c(2), ndo ile inaitwa Chapter 14. Cha 26 ni kodi, yaani msimbo (code) wa sababu ya kutoka, JKK. Cha 27 ni kodi ya kurudi jeshini, kwa kesi hizi Army mara nyingi ni 4, yaani sahau. Cha 28 wameandika sababu kwa maneno kamili, kwa herufi kubwa, utovu wa nidhamu na dawa za kulevya, na hicho ndo mwajiri anakisoma kabla hata hajakukaribisha kiti.

Sasa chukua karatasi nyingine uandike unataka kisanduku gani kibadilike kisomeke nini. "Naomba haki yangu" siyo ombi. "Naomba 24 isomeke Honorable na 28 isomeke Secretarial Authority" hilo ni ombi. Secretarial Authority ni sababu isiyosema lolote baya, ndo inayoombwa sana.

Bodi ipi

Ziko mbili za kuanzia. Discharge Review Board, DRB, unaiendea kwa fomu DD-293 kama haijatimia miaka 15 tangu utoke, hesabu kuanzia tarehe iliyo kwenye kisanduku cha 12b. Ya pili ni bodi ya kurekebisha rekodi, Army wanaiita ABCMR, Navy na Marine ni BCNR, Air Force ni AFBCMR, fomu yake DD-149. Hii inataka uombe ndani ya miaka 3 tangu ugundue kosa, ila wana ruhusa ya kukusamehe kuchelewa ukieleza kwanini, na wanafanya hivo, kwa hiyo aliyetoka mwaka 1998 asikate tamaa. Kila tawi lina bodi zake, ulikuwa Navy usipeleke makaratasi Army. Na yote ni bure, anayekudai hela ya "kufungua faili la rufaa" kimbia.

DRB ina kitu watu hawakijui: unaweza kuomba wasome faili tu, au uombe kusikilizwa. Ukianza na kusomwa faili ukakataliwa, bado una haki ya kusikilizwa, mradi miaka 15 haijaisha. Ukianza na kusikilizwa, ile ya faili ndo imeenda. Ndo kilichomwokoa dogo, lile kosa lake la usiku lilikula nafasi moja, ikabaki moja.

Faili kwanza, fomu baadaye

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu, hata miezi. Usijaze DD-293 kabla hujapata vitu hivi.

Rekodi yako yote ya utumishi, unaomba kwa Standard Form 180 au mtandaoni kwa National Archives, kituo chao kiko St. Louis, Missouri. Ukiomba tu DD-214 watakupa DD-214, kwa hiyo andika wazi wazi unataka rekodi nzima pamoja na pakiti ya kuondolewa, ile yenye barua ya kamanda wa kombania, maelezo uliyosainishwa, chaguo lako la wakili, kila kitu. Halafu rekodi za hospitali, na hasa za ushauri wa akili na za programu ya kuacha dawa za kulevya kama uliwahi kupita, hizi mara nyingine zimehifadhiwa kwingine, uliza mbili tatu. Halafu pakiti ya maabara. Hii ya mwisho inaombwa kwa sheria ya uhuru wa habari, FOIA, kwa maabara iliyopima mkojo wako, na ndo ina utamu wote. Kama umefukuzwa juzi tu wahi, sampuli zilizosoma positivu zinawekwa kwenye friza kwa mwaka mmoja hivi, baada ya hapo hakuna cha kupimwa tena.

Soma pakiti ya maabara kama unakagua risiti

Karatasi muhimu ni DD-2624, ndo orodha ya vichupa vilivyotoka kikosini kwenu siku ile. Tazama namba yako ya utambulisho tarakimu moja moja. Tazama tarehe kwenye karatasi na tarehe kwenye lebo ya kichupa. Tazama herufi zako za jina kwenye lebo, uliziandika wewe? Nani alisimama kukuangalia ukikojoa, kasaini? Kichupa kimetoka mkono gani kwenda mkono gani, kuna siku kilikaa sehemu bila mtu kusaini? Maabara nao wanaandika kama kifuniko kilikuwa kimevuja au utepe umekatika. Kwa bangi kipimo cha kuthibitisha ni nanogramu 15 kwa mililita, kwa hiyo angalia namba yako imepita kwa kiasi gani, 17 na 400 haziongei lugha moja.

Halafu, watu wa Army, kuna kodi ndogo ya herufi mbili inayosema mkojo ulichukuliwa kwa sababu gani. IR au IU ni ukaguzi wa kawaida, kamanda ana ruhusa kuutumia atakavyo. PO ni kwamba walikuwa na sababu ya kukushuku. Ila ukiona RO, yaani kipimo cha mtu aliye kwenye programu ya kuacha, au CO, yaani kamanda alitaka tu kujua kama uko sawa kufanya kazi, simama hapo hapo. Kanuni ya AR 600-85 ina kitu kinaitwa Limited Use: mtu aliyejipeleka mwenyewe kuomba msaada, na vipimo vya namna hiyo, haviruhusiwi kutumika kumharibia hali ya kutoka kwake. Jeshi wakiviingiza kwenye pakiti ya kukufukuza, basi lazima utoke Honorable. Lazima, siyo hisani ya mtu.

Dogo alirudi toka kumzika baba yake, akaanza kuvuta, akaogopa, akajipeleka mwenyewe kwenye programu pale kambini. Wiki za mwanzo wakampima. Tulikaa jikoni usiku na ile DD-2624, kopi mbaya ya faksi, nikapitisha rula chini ya mstari wake maana mistari imebanana kama tikiti za bahati nasibu, na mwisho wa safu pale pakasomeka RO. Nikamuuliza, hii unaijua? Akasema "kaka mi nilijua ni namba ya chumba." Na kamanda alikuwa ameibandika hiyo hiyo kama ushahidi namba moja.

Siyo kila mtu atakuta RO. Ndo maana kuna kinachofuata.

Chagua: hukutumia, au ulitumia kwa sababu

Huwezi kusema vyote viwili. Nimeona barua, ukurasa wa kwanza "sijawahi kuvuta maishani", ukurasa wa tatu "nilivuta sababu ya usingizi kukata". Bodi ikifika hapo inafunga faili.

Kama unasema hukutumia kwa kujua, basi ushahidi wako ni wa kitu: risiti ya dawa ya dokta, bidhaa uliyokula. Kumbuka jeshi lilipiga marufuku bidhaa zote za hempu na CBD mwaka 2020, kwa hiyo "nilipaka mafuta ya CBD tu" inaweza kuwa ni kukiri kosa jingine. Kwa upande mwingine mwaka 2023 Pentagoni yenyewe iliwaonya askari waache mikate yenye mbegu za popi kwa sababu zinaweza kusoma kama kodeini kwenye mkojo, kwa hiyo hoja za chakula siyo zote za kuchekwa. Na usiende na hoja ya "jimbo langu bangi ni halali", jeshi ni la shirikisho, haiwahusu. Na wale wa mirungi, nawaona, mnaona ni kama chai ya jioni tu, huku kathinoni iko kwenye daraja la kwanza la dawa haramu, usiitaje kwenye barua kama vile unataja chapati.

Kama ulitumia na kulikuwa na kitu nyuma yake, PTSD (kiwewe cha akili), kuumia kichwa, kubakwa au kusumbuliwa kingono jeshini, huzuni nzito iliyoandikwa na dokta, basi silaha yako ni zile memo za Pentagoni zinazoelekeza bodi ziamue vipi kesi hizi, zinaitwa kwa majina ya wakubwa waliozisaini. Ya Hagel ya 2014, ya Kurta ya tarehe 25 Agosti 2017, ya Wilkie ya 25 Julai 2018. Ya Kurta ndo inayokupa mifupa ya barua, inauliza maswali manne: ulikuwa na hali au tukio linaloweza kupunguza kosa? Lilikuwepo ukiwa jeshini? Kweli linapunguza kosa? Na uzito wake unazidi kufukuzwa kwako? Jibu moja moja, kwa mpangilio huo huo. Inaruhusu pia ushahidi usio wa jeshi, mke, mchungaji, rafiki uliyekaa naye chumba kimoja, na inakubali kwamba neno lako mwenyewe ni ushahidi. Ila ukipata dokta wa akili sasa hivi akaandika kwamba hali yako ilianza kule na kuvuta kwako kunaendana nayo, hapo umeongeza uzito mara nyingi. Kesi hizi pia zinatakiwa zipitiwe na mtaalamu wa afya ya akili ndani ya bodi.

Ya Wilkie ni ya huruma kwa ujumla: umri uliokuwa nao, muda uliopita, umefanya nini tangu hapo. Inawafaa hata wasio na ugonjwa wowote.

Hapa sasa, wakili wa uhamiaji

Kama una uraia wa kuzaliwa ruka. Sisi wengine tusome taratibu.

Barua yako ya rufaa ni maandishi yenye saini yako, yanaambatana na fomu unayosaini ukijua kuna adhabu ya kusema uongo. Ukiandika "nilivuta bangi mara tano" na bado una grinikadi, maneno hayo yanaweza kukurudia siku ya intavyuu ya uraia, au siku umeenda nyumbani kuzika unarudi unasimamishwa uwanja wa ndege, maana sheria ya uhamiaji inaweza kumbana mtu kwa kukiri tu, hata kama hakuwahi kuhukumiwa. Kwa hiyo rasimu ya barua iende kwa wakili wa uhamiaji kabla haijaenda bodi. Wa uhamiaji, siyo wa ajali za magari.

Upande wa pili, hali ya kutoka inagusa uraia wenyewe. Njia ya uraia kupitia jeshi inataka utumishi wa heshima, na Jenero inakubalika, OTH haikubaliki. Na aliyekwisha kuupata kwa njia hiyo akatolewa kwa OTH kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima, sheria inaruhusu uraia ule ufutwe. Kwa watu wa namna hii kutoka OTH kwenda Jenero tu ni ushindi mkubwa, hata GI Bill isipopatikana.

Barua

Kurasa tatu, nne mwisho. Anza na ombi lako la visanduku. Kisha wewe ni nani na ulitumikaje, medali, tathmini, safari za vita kama zipo. Kisha kilichotokea, kwa tarehe. Kisha kosa la jeshi kama lipo, ukitaja ukurasa wa kiambatisho. Kisha maisha ya baadaye. Sajenti wako mbaya muache alipo isipokuwa kama ubaya wake uko kwenye karatasi.

Zunguka pia uone wengine waliamuliwaje: maamuzi ya bodi zote yamewekwa wazi kwenye boards.law.af.mil, majina yametolewa. Tafuta kesi za JKK zinazofanana na yako, soma walioshinda na walioshindwa, hao wa pili ndo wanafundisha zaidi.

Barua za watu wengine: barua ya "ni kijana mzuri anapenda kanisa" haina kazi. Anayekuandikia aseme anajua kwanini ulifukuzwa, anakujua tangu lini, na amekuona ukifanya nini kwa macho yake. Bosi wa dogo pale kwenye maghala aliandika mistari sita tu, kwamba anampa funguo za geti zamu ya usiku na anamjua historia yake, na mjumbe mmoja wa bodi aliisoma kwa sauti.

Msaada wa bure upo: American Legion, VFW, DAV, wana wawakilishi wao. National Veterans Legal Services Program wanachukua kesi, Swords to Plowshares wako California, na vyuo vingi vya sheria vina kliniki za maveterani, ya Yale ndo ipo nyuma ya kesi ya Kennedy iliyoisha kwa makubaliano mwaka 2021 na kulifanya Army kuangalia upya maelfu ya maombi ya watu wenye PTSD. Omba mapema, wana foleni.

Kutuma na kusikilizwa

Kila kiambatisho kipe namba, tengeneza orodha ukurasa wa mbele, PDF moja, hifadhi ushahidi wa kutuma. Halafu subiri, mwaka siyo ajabu. Ukihama badilisha anwani, kuna watu wamekosa kikao kwa sababu barua ilienda kwa mwenye nyumba wa zamani.

Siku hizi kikao ni kwa video. Vaa kama unaenda harusini, kaa mbele ya ukuta mtupu, watoto wapeleke kwa jirani. Na hili naliongea kwa sababu ni letu: sisi tumelelewa kumheshimu mkubwa kwa kuinamisha macho na kuanza mbali, salamu, historia, ndo tufike. Wao wakiona hivo wanasoma kwamba unaficha. Ukiulizwa "ulivuta?" jibu linaanza na ndiyo au hapana, maelezo yafuate. Tulifanya mazoezi na dogo wiki mbili, mi nikijifanya kanali, mke wangu akicheka chumbani, mpaka akazoea kuangalia kamera.

Bodi ya DRB inapiga kura, wengi wape. Dogo alipewa Honorable kwa ile RO. Kisanduku cha 28 hawakukigusa, kimebaki vile vile, na hicho sasa tumekipeleka ABCMR kwa DD-149.

Wakisema hapana

DRB ikikataa faili, omba kusikilizwa. Ikikataa na hapo, nenda bodi ya kurekebisha rekodi. Hiyo nayo ikikataa na umetoka jeshini tarehe 20 Desemba 2019 au baadaye, kuna Discharge Appeal Review Board, DARB, ya matawi yote chini ya Air Force. Nje ya hapo ni mahakama ya shirikisho ndani ya miaka 6 ya uamuzi wa mwisho, na hiyo usiende bila wakili. Ukipata ushahidi mpya unaweza pia kuomba bodi ya rekodi waangalie tena, mpya kweli, siyo barua ile ile umebadilisha fonti.

Na wakati unasubiri usikae na maumivu. VA wana uamuzi wao peke yao kuhusu OTH, hauisubiri bodi, nenda ukaombe. Kama uliwahi kumaliza mkataba mmoja vizuri kabla ya ule ulioharibika, ule wa kwanza unaweza kukuhesabia. Na kuna huduma ya afya ya akili kwa baadhi ya wenye OTH waliofika vitani au waliofanyiwa ukatili wa kingono jeshini, hata kabla ya uamuzi wowote.

Bahasha ya ushindi ikija, fungua uangalie ni DD-214 mpya au ni DD-215. DD-215 ni karatasi ya masahihisho inayobandikwa nyuma ya ile ya zamani, yaani maneno mabaya yanabaki yanasomeka pale pale, kwa hiyo waandikie uombe DD-214 iliyotolewa upya. Hakikisha jina halijakosewa, majina yetu wanayakosea sana. Kisha skani, na kama ni GI Bill uliyokuwa unaitafuta, siku hiyo hiyo jaza VA 22-1990, dogo aliijaza akiwa kwenye gari nje ya posta.